Siku ya Utamaduni chuoni: anzeni kijijini, siyo ukumbini

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana katika chuo kimoja hapa Dodoma. Kwenye makaratasi kazi yangu ni funguo, magodoro na kelele za saa sita usiku. Lakini kila mwaka ikifika Machi, viongozi wa serikali ya wanafunzi wanabisha hodi na barua ileile: "Mama, tunaomba uwe mlezi wa kamati ya Siku ya Utamaduni." Nimeshalea kamati sita. Ya kwanza iliniaibisha, na mengi ninayowaelekeza hapa nimeyaokota kwenye aibu ile.

Mwaka ule tulialika kikundi cha akina mama wa muheme kutoka kijiji jirani. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo: ngoma ndefu zilizobonyea kiunoni, mpigaji anaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Lori likawafuata saa moja asubuhi. Ratiba ilisema wataanza saa nne. Mgeni rasmi akafika saa sita. Zikafuata hotuba nne, kisha shindano la Miss Utamaduni, raundi tatu za kubadilisha nguo. Huku nyuma ya ukumbi akina mama walikuwa wamewasha moto mdogo wa nyasi ili wakaze ngozi za ngoma zao. Mlinzi akaona moshi, akaja mbio na ndoo ya maji, akauzima. Saa tisa alasiri MC akatangaza, "Tuwakaribishe mama zetu, dakika tano tu!" Ngoma zilikuwa zimelegea, zinalia kama debe lenye unga. Walipomaliza, kiongozi wao, bibi mmoja mrefu mwenye kaniki begani, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, tumeletwa kucheza au kulinda viti?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa soda.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya bajeti na kabla ya kuchagua rangi ya fulana: nendeni kijijini au mtaani kwa watu mnaopakana nao. Siyo kwa simu. Pitieni kwa mwenyekiti, mjitambulishe, kisha muende kwenye kikundi chenyewe mkiwa watu wawili au watatu, msijae kama msafara wa kampeni. Bebeni sukari kilo mbili na majani ya chai. Karatasi ya ratiba iacheni ofisini, kwa sababu mkishaiweka mezani mtakuwa mnatangaza, hamuulizi.

Mwaka wa pili nilikwenda hivyo, na Bibi alinipokea kama vile lile la soda halikutokea. Nilikaa naye mchana mzima. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, nimekua nikisikia Kigogo sokoni, nikajua najua. Nilikuwa sijui. Nilijifunza kwamba muheme una uhusiano na kuwatoa wasichana mwali, na kwamba baadhi ya nyimbo, kwa maneno yake, "ni za ndani", haziimbwi mbele ya vijana wa kiume wenye simu. Tukakubaliana zipi zitatoka nje. Nilijifunza kuwa kikundi kikianza huwa hakijaanza bado: sauti za juu na za chini zinatafutana kwanza, na mchezo unakolea baada ya robo saa. Ukimpa mtu wa namna hiyo dakika tano, umemwita mlangoni ukamfukuza. Na nilijifunza habari ya moto.

Muulizeni mwenyeji pia yeye anataka nini kutoka chuoni. Hili kamati nyingi hazilifikirii, zinadhani nauli na posho zinatosha. Bibi alitaja mawili. La kwanza, warudishwe kabla giza halijaingia, kwa sababu wana mbuzi. La pili, wajukuu zake wa kike wanaosoma sekondari ya kata waingie waone wasichana wa chuo wanalala wapi na wanasoma wapi. Chuo wanakiona kila siku kule juu, taa zake zinawaka usiku kucha, lakini hawajawahi kupita getini ila siku ya kuuza nyanya. Tangu mwaka ule, asubuhi ya sherehe ni ya wale watoto. Bweni langu nawatembeza mwenyewe, na maktaba wanaonyeshwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na haina gharama yoyote zaidi ya maandazi.

Sasa tarehe. Dodoma mvua ni Desemba hadi Aprili, na Juni upepo unaanza kuvuma kwa hasira. Mwaka mmoja turubai liling'oka likaenda kutua kwenye uwanja wa mpira wa wavu, na namshukuru Mungu halikuwa na mtu chini yake. Mei ndiyo mwezi wetu. Tarehe 21 Mei pia ni siku ya Umoja wa Mataifa ya uanuwai wa kitamaduni, hivyo mkiandika barua za kuomba msaada mnapata cha kushika. Angalieni kwanza kalenda ya mitihani, maana mwenye hofu ya kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, hachezi ngoma. Angalieni Ramadhani, ambayo kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja, na Kwaresma pia. Halafu, hili watawaambia wanafunzi wenyewe: fanyeni wiki ile bumu, fedha yao ya mkopo wa kujikimu, limetoka. Sherehe ya chakula bila bumu ni maonyesho ya masufuria.

Kamati na lile neno tunaloliogopa

Ofisi nyingi zinasita kuruhusu siku ya utamaduni kwa sababu moja: ukabila. Msizicheke. Nchi yenye makabila zaidi ya mia na ishirini imekaa kwa utulivu kwa sababu watu walijifunza kutoulizana. Sasa wewe unakuja na fomu inayomtaka kila mwanafunzi aandike kabila lake, upate "Wasukuma mia mbili, Wazanaki watatu", kisha uwape mahema kwa wingi wao. Umeshaanzisha jambo ambalo hutalimaliza wewe.

Sisi fomu hiyo tuliichana. Tunapanga kwa kinachofanywa, hatupangi kwa anayefanya. Tangazo letu linasema: tunatafuta watu wa kucheza sindimba, watu wa bugobogobo, watu wa lizombe, watu wa msewe, tunatafuta watu wa kupika mtori, watu wa kupika mlenda, watu wa urojo. Yeyote anajiandikisha popote, ila kila kundi lazima liwe na mwalimu mmoja aliyezaliwa na jambo hilo, awe mwanafunzi, mfanyakazi au jirani wa nje. Fundi wetu wa bomba alifundisha bugobogobo miaka miwili. Majembe aliyaazima mwenyewe, na wanafunzi wa uhasibu wakajua kwamba ile ni ngoma ya kulimia kabla ya kuwa ngoma ya jukwaani. Mwaka juzi sindimba iliongozwa na binti wa Kichaga. Wamakonde waliokuja kutazama walishangilia mpaka wakapanda jukwaani kumfunga vizuri kitambaa cha kiunoni.

Wanaobaki bila kundi wasilazimishwe. Wapo waliozaliwa Dar, mama Mnyakyusa, baba Mmanyema, lugha ya nyumbani Kiswahili, ngoma yao singeli. Singeli nayo iwekeni. Imezaliwa uswahilini Dar es Salaam na ina wenyewe.

Chakula

Hapa ndipo fedha inapotea, na ndipo watu wanapokumbuka. Mwaka wa kwanza tulimpa kazi mzabuni wa kantini apike "vyakula vya asili kumi". Akapika. Vyote kumi vilikuwa na ladha ya pilau.

Mpikaji awe mwenye chakula. Kantini itoe masufuria, kuni au gesi, na watu wa kuosha vyombo. Msipike sahani kubwa: gaweni vikombe vidogo, mtu alipe mia tano aonje, apite meza ya pili. Kwa bei hiyo mwanafunzi anaonja vyakula sita, na kila meza inarudisha gharama yake.

Mlenda nauzungumzia peke yake kwa sababu ndio chakula cha wenyeji wetu na ndio unaochekwa. Mara ya kwanza tuliuweka mezani kwenye bakuli umepoa. Mlenda uliopoa unavutika, na vijana wa pwani wakaanza kuunyanyua kwa kijiko kirefu wakipiga picha. Mama aliyeupika alikuwa amesimama palepale. Siku hizi mlenda unapikwa mbele ya watu. Jirani yetu mmoja anakuja na mfuko wake wa majani aliyoyakausha na kuyatwanga mwenyewe, maji yakichemka anaunyunyiza huku anakoroga, anaweka karanga zilizosagwa, na ugali wa uwele unasubiri pembeni ukiwa wa moto. Anakata tonge, analibonyeza kwa dole gumba, anachota, anakupa mkononi. Ukipewa chakula mkononi na mama wa umri ule, hucheki, unakula. Nimeona Mpemba akirudi mara tatu.

Mengine kwa haraka. Nyama yote achinje Mwislamu, na semeni hivyo wazi kwenye tangazo. Kitimoto kitafutiwe siku nyingine. Penye karanga andikeni "kuna karanga". Senene msiwaahidi watu Mei, kwa sababu msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba, labda mtu alete waliokaangwa. Maji ya kunawa yatangulie foleni ya chakula, yasiwe mwisho wake. Pombe chuoni hapana, na hapo Wachaga watakuja kwenu na hoja ya mbege. Mwaka mmoja walinishawishi niruhusu mbege "isiyochacha". Mzee mmoja wa Moshi akaionja, akaniangalia kwa huruma: "Mama, huu ni uji wa ndizi." Basi tunagawa togwa, na amani inatawala.

Fedha ya vikundi

Kikundi cha kijijini kilipwe siku ileile, mkononi, kabla hakijapanda gari. Ofisi ya uhasibu itawaambia walete risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi. Bibi wa muheme hana mashine ya EFD. Ana dole gumba. Malizeni hili mwezi mmoja kabla: ombeni masurufu kwa jina la mfanyakazi mmoja, tengenezeni orodha ya posho yenye majina na nafasi ya sahihi au dole, bebeni na wino. Mwaka ambao tulichelewa kufanya hivyo, akina mama walisubiri wiki tano, na mimi ndiye niliyekuwa nakutana nao sokoni. Ningependa kudaiwa na benki kuliko kudaiwa kwa salamu.

Posho ya kikundi cha wenyeji isiwe chini ya ile ya MC. Jaribuni tu kulisema hilo kikaoni mwone nyuso.

Barua nyingine ni za kawaida: mtendaji wa kata, afisa utamaduni wa jiji (yeye ndiye anayevijua vikundi na ubora wake), na polisi kama mtaandamana na ngoma barabarani. Na barua moja iende kwa kitengo cha ulinzi cha chuo chenu wenyewe, ikitaja moto, mahali utakapowashwa, saa, na jina la mlinzi atakayekaa hapo. Hii msiisahau.

Ratiba

Mgeni rasmi mmoja, hotuba moja, dakika kumi. Akichelewa, mnaanza, akifika anakuta ngoma, anakaa. Mara ya kwanza nilitetemeka kufanya hivyo, lakini mheshimiwa mwenyewe alifurahi kwa sababu alipata cha kutazama.

Miss Utamaduni iondoeni. Sina jingine la kusema juu yake.

Wenyeji wafungue na wenyeji wafunge. Ngoma zinazohitaji moto zipangwe kwa kuzingatia kwamba ngozi ikishakazwa hailindi mkazo huo saa nzima. Kikundi kipewe taarifa nusu saa kabla ya kuingia, na taarifa hiyo iwe ya kweli. Spika za DJ zizimwe kabisa ngoma inapochezwa. Siyo kupunguzwa, kuzimwa. Zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba ni vyombo vya sauti ndogo, vinataka kipaza sauti kimoja kilichosogezwa karibu na kimya cha watu. Wanafunzi wengi hawajui kwamba muziki wa Kigogo ulizunguka dunia kupitia Hukwe Zawose, mzaliwa wa hapa Dodoma aliyefariki mwaka 2003 huko Bagamoyo, wala kwamba Chamwino, karibu na Ikulu, hufanyika tamasha la muziki huu. MC aseme sentensi mbili za namna hiyo kabla ya kila ngoma: inatoka wapi, inachezwa wakati gani. Sentensi mbili, asome kwenye karatasi, asitunge.

Utani na pale unapokuwa tusi

Huyu MC, pamoja na waigizaji, ndio hatari yenu kubwa. Mwaka wangu wa tatu kikundi cha maigizo kilileta "kichekesho cha Mgogo": kijana kavaa lubega, ana kopo, anaombaomba kwa lafudhi. Ukumbi ulicheka. Safu ya mbele, wageni wetu walikuwa wamekaa wanatazama mikono yao.

Vijana waliniambia, "Lakini Mama, ni utani." Nikawaita ofisini, nikawapa chai, nikawauliza utani wa nani na nani. Utani una wenyewe. Mngoni na Mhehe wanataniana kwa sababu babu zao walipigana vita kweli, wakaja kuugeuza uadui kuwa mzaha wenye masharti. Mtani anakutukana harusini, lakini msibani ndiye anayekuja kukufanyia kazi ambazo ndugu hawawezi, na kukuchekesha ulie vizuri. Je, nyinyi mkimcheka Mgogo leo, kesho mtakwenda kumzikia? Walinyamaza. Siku hizi maigizo yote nayaona wiki moja kabla, na kanuni ni moja: wachekeni wa kwenu, au watani wenu wa kweli wakiwepo na wakiwajibu. Mwaka jana Mpare na Mchaga walipewa kipaza sauti kimoja wagombanie. Robo saa, watu waliumia mbavu, hakuna aliyeangalia mikono yake.

Vilevile mavazi. Ukitaka kuvaa Kimaasai, muulize Mmaasai wa darasani kwako akuvalishe. Atakwambia shanga ipi ni ya nani. Ukijinunulia shuka Kariakoo ukaruka-ruka, hilo ni zoezi la viungo.

Wageni wa nchi nyingine

Tuna wanafunzi wa Burundi, Rwanda, Kongo, Visiwa vya Komoro, na walimu wachache kutoka mbali zaidi. Msiwaweke kwenye hema lililoandikwa "Kimataifa", mwishoni karibu na vyoo, kama tulivyofanya. Warundi wapangeni jirani na muheme. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kwao kuzipiga ni kazi ya wanaume. Amri ya rais ya mwaka 2017 ilikataza kabisa wanawake kuzipiga. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kijana wa Kirundi akina mama wa muheme walipoingia. Akanishika mkono bila kujua. "Mama, wanaopiga ni wanawake!" Baadaye nilimkuta amechuchumaa karibu na Bibi, anauliza ngozi ni ya mnyama gani, Bibi anamjibu kwa Kigogo na mjukuu anatafsiri. Hakuna aliyepanga hilo. Sisi tulipanga mahema tu.

Baada ya sherehe

Rudisheni masufuria yakiwa yameoshwa. Okoteni chupa mpaka nje ya geti, siyo ndani tu. Na picha msiishie kuzirusha kwenye magrupu ya wanafunzi: chapisheni thelathini, muwapelekee wenyeji. Simu za wengi wao ni za kitochi.

Mwaka jana nilizipeleka wiki ile ile, kwenye bahasha ya kaki. Bibi alizipitia moja moja, akaziweka mbili pembeni. Moja ilikuwa ya mjukuu wake mlangoni mwa maktaba. Nyingine ilikuwa ya nyuma ya ukumbi: ngoma sita zimelazwa kuuzunguka moto, na yule mlinzi wetu, yuleyule wa ndoo, amepiga magoti na sare yake, anaongeza nyasi.

"Huyu," akasema, "mwambie mwakani aje mapema, nyasi alizoleta zilikuwa mbichi."